Sahihi Iliyobaki

Verlyn Haugstad alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Dakota Kaskazini, Marekani, kwa miaka kumi na sita, na kila uchaguzi mabango yake yalikuwa na neno moja kubwa: ASKARI. Si uongo. Vitani alikwenda, ila kazi yake ilikuwa stoo, kugawa buti na blanketi. Hilo halikuandikwa.

Jirani yake Orrin Tveit alikuwa naye katika kikosi kimoja. Yeye alipelekwa mbele, akarudi anachechemea. Siku ya gwaride Verlyn alipita kwenye gari la wazi, akapigiwa makofi. Akipita Orrin kwa miguu, watu waliinuka na kuvua kofia. Kofia zile zilimwandama Verlyn mpaka bungeni kule Bismarck, katikati ya mjadala wa mitaro.

Sasa Orrin akakitaka kiti chenyewe cha ubunge. Mgombea lazima apate sahihi za wapiga kura, na kwao mtu hamnyimi jirani sahihi, hata kama kura hatampa. Siku ya mwisho, mchana, Orrin akabisha hodi kwa Verlyn. Imebaki moja, alisema, na ofisi inafungwa saa kumi.

Verlyn akaishika karatasi. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Ardis, mke wa Verlyn mwenyewe.

Akasema wanywe kahawa kwanza. Ardis akatoa vikombe vya ukingo wa dhahabu, vile vinavyotolewa akija mchungaji tu. Verlyn akanywa kimoja, akaomba cha pili, jicho kwenye saa.

“Una haraka gani, bwana? Kiti hakina miguu.”

“Ndivyo ulivyokuwa stoo, mheshimiwa,” Orrin akasema. “Sisi tunataka buti, wewe unatafuta kalamu.”

Ardis akacheka, kicheko ambacho Verlyn alikuwa hajakisikia nyumbani mwake kwa miaka. Verlyn akaivuta karatasi, akatia sahihi kubwa, akaikunja haraka.

Ardis akaikunjua. Sahihi isiyo na tarehe hutupwa, na sheria hiyo mumewe aliipigia kura mwenyewe. Akaweka kidole penye nafasi tupu.

“Tarehe, Verlyn.”

Akaandika.

Orrin akatoka akichechemea, na Ardis akasimama mlangoni mpaka gari likapotea barabarani. Verlyn, kila alipokwenda Bismarck, aliagwa kutoka jikoni.

Mwezi wa kumi na moja, kura zilipohesabiwa, kiti kilikwenda kwa Orrin. Hakushangaa. Vile vikombe akavipandisha juu ya kabati, mbali, ambapo Ardis hafiki bila ngazi.