Majani Ndani ya Vitabu

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la taka, na vitabu vyake vyote vilitoka huko huko. Waliohama nchi miaka ya sabini walivitupa, yeye akaviokota, akavifuta na kuvipanga kwenye masanduku ya chai chini ya kitanda chetu, mtaani Makadara, Nairobi. Vyote vilikuwa vya mimea. Shule aliiacha darasa la nne. Kiingereza alijifunzia humo humo, kwa kamusi isiyo na jalada. Akiona gugu kando ya reli alilichuma, akalitafuta kitabuni, akalikausha kwenye ukurasa ule ule unaolieleza. Pembeni aliandika kwa penseli mahali na siku.

Mimi nilivichukia. Tulimzika binti yetu wa pekee kwetu Ukambani, akiwa na miaka miwili, na bwana huyu hakutoa hata chozi. Tuliporudi Nairobi, kabla ya kuvua viatu, alikuwa amepiga magoti mbele ya masanduku yake. Nikasema moyoni, huyu anajua gugu lilichanua lini, lakini mtoto wake ameshamsahau.

Mwaka uliofuata ikafika zamu yangu ya kuwakaribisha akina mama wa maombi ya Alhamisi. Mwenyekiti wetu alikuja siku moja mapema kukagua nyumba. Akainua shuka, akavuta sanduku, akafungua kitabu.

"Mama, hii majani yote ni dawa ya nani?"

Sisi Wakamba hatukosi kusingiziwa uchawi, na mama yule alijua hivyo.

"Ni ya mzee," nikasema. "Si dawa."

"Basi kesho nisiikute."

Asubuhi, mume wangu alipokwenda kazini, nilivishika vitabu kimoja kimoja, nikavikung'utia kwenye karai. Nilijua ninachofanya, asije mtu akanitetea. Nilifurahi, hata nikaimba. Karai lilipojaa majani makavu nikayatumia kuwasha jiko, na chai ya akina mama ikachemka hapo. Mwenyekiti alikunywa vikombe vitatu, akaisifu.

Jioni mume wangu alipovuta masanduku, nilikuwa nimeshajiandaa.

"Vitabu vyako ndivyo hivyo, hata kimoja hakijapotea. Nimetoa takataka tu. Si ndiyo kazi yako?"

Alipekua kimoja baada ya kingine, mpaka akakipata kitabu kimoja chembamba. Akafungua ukurasa wenye doa la kahawia, umbo la jani dogo, akanipa.

"Soma."

"Kiingereza sikijui."

"Hapo pembeni nimeandika Kiswahili."

Nikasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti," akasema.

"Nimelichuma kando ya kaburi la binti yangu, siku ya kumzika."

"Tena."

Nikasoma tena. Akavuta kigoda, akaketi karibu na jiko lenye majivu yangu ya asubuhi, akasema, "Tena."