Msusi Aliyebaki na Kichwa cha Plastiki

Jua limeshapanda, na msusi ana kichwa kimoja tu mapajani, cha plastiki. Anasukia wigi juu yake. Dirisha liko wazi, mlango umefungwa.

"Huyu halalamiki kwamba namvuta," anasema. "Lakini hana umbea hata chembe. Miaka ishirini nimeshika vichwa vyenye habari zote za mtaa. Siku hizi sijui hata nani kaachika."

Figo zake zilifeli mwaka jana. Mara tatu kwa wiki hulazwa kando ya mashine hospitalini, damu ikatolewa, ikasafishwa na kurudishwa kupitia mpira uliopachikwa kifuani.

Mwanzoni alitoka huko mwepesi, akarudi saluni moja kwa moja. "Nikajiambia, damu safi, basi nami mzima."

Siku moja bandeji iliyofunika mpira huo ikalowa jasho. Akaibandika upya mwenyewe, mikono ikiwa na mafuta ya nywele, kisha akaendelea kusuka. Baada ya siku chache alitetemeka kwa homa akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Alilazwa, na nusura afe.

Muuguzi wake hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, figo zikifa, sumu hulegeza kinga ya mwili. Mashine inapunguza sumu, lakini kinga hairudi yote. Mafua ya jirani yako kwake ni kamasi, kwako ni wodi. Na huo mpira ni mlango. Usiuguse."

Hata chanjo ya homa ya ini alipewa dozi kubwa kuliko ya wengine, maana kinga yake ni nzito kuamka.

Tangu hapo wateja huagiza wigi dirishani na kwenda zao. Mjukuu wake wa miaka mitano, anayeokota kila kikohozi shuleni, naye husimama nje. Leo amekuja kuonyesha alivyosukwa na jirani.

"Bibi, nimependeza?"

"Umependeza. Ila mistari imepinda kama njia ya mlevi."

"Basi nisuke wewe."

"Una mafua wewe."

"Yameisha," anasema mtoto, kisha anapiga chafya.

Wanacheka wote wawili. Mama yake anamwita, naye mtoto anaondoka. Msusi anabaki akitazama pale mtoto alipokuwa amesimama.

"Kichwa cha mtu kina joto," anasema. "Hicho ndicho ninachokosa."

Mwezi ujao atapasuliwa mkono wa kushoto, mishipa miwili iunganishwe. Ikikomaa, sindano za mashine zitachomwa hapo, na mpira utolewe. Kinga haitakuwa mpya, lakini mlango mmoja utakuwa umefungwa. Kuanzia hapo, muuguzi amemkubalia kusuka mteja mmoja mmoja, asiye na homa wala kikohozi, na wote wawili wavae barakoa.

Wa kwanza ameshamchagua.

"Nitamfumua kichwa chote," anasema, "nianze na mstari wa katikati."