Nianze na Moto?

Juzi nilikuwa kwenye biro ya masomo, shule moja ya mtaa wa Mudzipela, nikingojea mkubwa wa masomo anipe buletini ya alama ya mtoto wa dada yangu. Nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu, kwenye meza ndogo, alikaa psikolog mpya, dada mpole aliyeletwa na mradi kusaidia watoto waliokimbia vita. Ni wa tatu. Miradi ya wale wawili wa mbele iliisha, nao wakaenda.

Akaingia msichana wa miaka kumi hivi. Alipanga mikono juu ya meza kama mtu anayengoja mtihani.

"Madamu, nianze na moto, ao nianze na siku tulikimbia kwetu Fataki? Madamu wa kwanza alipendaka nianze na moto."

Psikolog akaweka kalamu chini. "Anza penye weye mwenyewe unataka, binti yangu."

Msichana akafikiri. "Ile, hakuna mwenye aliniulizaka."

Basi akaanza na moto, na psikolog akachukua tena kalamu. Alieleza bila kulia, bila kukosea, na kila mara alisimama kidogo ili kalamu imfikie.

Tunasema kazi ya psikolog ni kumsaidia mtoto atue mzigo. Huyu anautua, anaufunga tena vizuri, anaubeba, anangojea mwingine.

Alipomaliza aliuliza: "Madamu, mwenye atakuja nyuma yako, naye atapenda nianze na moto?"

Dada yule akatazama pazia. Mkubwa wa masomo ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, akinipa buletini:

"Kontra yake ya kazi inaisha mwezi wa sita."