Jaruba Lililotakiwa Liumwe

Nalisema hili kwa aibu, tena nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa bonde la Mwera, maana wao wakilisimulia huongeza chumvi, na wallahi lilivyo linatosha.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msimamizi wa majaruba matatu ya mpunga wa majaribio. Udongo wa pale una kutu. Maji yakituama hufanya utando mwekundu, na mpunga ukiinywa kutu ile kwa wingi inakuwa sumu kwake, majani yanageuka kahawia na masuke yanatoka makapi. Bwana Shamba wa mjini alitaka kujua ni mbolea gani itakayouzuia usiinywe. Basi jaruba la kwanza likatiwa majivu ya makumbi ya nazi, la pili samadi, la tatu likaachwa vivi hivi, liumwe, tupate kulinganisha. Mwisho wa msimu majani ya yote matatu yangepelekwa mjini kupimwa.

Sasa mimi ni mtu nisiyetulia. Kutwa mara tatu niko juu ya tuta nayatazama, na lile la tatu kila nikilitazama linanikera, na ilipokuja habari kwamba Bwana Shamba atawaita wakulima wote waje wajionee, usingizi ukanipaa. Sisi mgeni akija hata kikombe kilichovunjika mkono tunakificha uvunguni, leo nikaribishe bonde zima mbele ya mpunga mgonjwa? (Nilijua ugonjwa ule ndio kazi yenyewe. Nilijua sana. Lakini haya haina masikio.) Nikachota majivu yaliyobaki guniani, nikanyunyiza kidogo tu, lipate rangi. Kesho yake nikaona bado, nikaongeza, na kesho kutwa nikaongeza tena, mpaka gunia likaisha, na wiki zilivyokwenda likanawiri kuliko hata lile la kwanza.

Siku ikafika, watu wamejaa matutani. Bwana Shamba akaeleza la kwanza, akaeleza la pili, akanyoosha mkono kwa la tatu akisema hili ndilo lisilotiwa kitu, halafu akageuka akaliona, akafungua daftari lake kuangalia kama hakukosea.

Aliyetangulia kusema ni Bi Mize, mjane ambaye jaruba lake limepakana na yetu na lilishaanza kupiga kahawia. Mwezi mzima alikuwa akichoma makumbi, amejaza magunia sita ya majivu, ameyapanga tutani pale pale, anangoja kusikia tu kama majivu yanafaa.

"Basi mie nshapata jawabu," alisema. "Majivu yangu chukueni, mkasugulie masufuria."

Watu wakacheka, wanawake wakaanza kuyasogelea magunia, na mimi nikaona hili si la kuchekwa, kwa sababu mpunga wa Bi Mize ndio chakula cha watoto wake wanne cha mwaka mzima. Na bado nikajaribu ujanja! Nikasema labda maji yamevuja yakaleta majivu kutoka jaruba la kwanza. Bwana Shamba akanijibu la kwanza ndilo lililo chini. Nikasema labda basi ni upepo, akaniuliza upepo gani huo uliobeba majivu ukaliruka jaruba la pili. Kabla sijatafuta uongo wa tatu, nikamwona mwanamke mmoja ameshajitwisha gunia anaondoka.

"Bi Mize, usiyagawe," nikasema. "Lile la tatu nimelitia majivu mie, kwa siri. Lilikuwa lantia haya."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Shamba hakucheka. Alifunga daftari lake akasema msimu umepotea, hakuna cha kupeleka mjini. Bi Mize naye hakucheka. Alikwenda akaliteremsha gunia lake kichwani mwa yule mwanamke, kisha akaja mpaka nilipo.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," aliniambia. "Na uchi wenyewe wala haukuwa wako."

Majivu yake aliyatia jioni ile ile, na alivuna. Mimi sikufukuzwa, bali msimu uliofuata nikapewa jaruba la tatu peke yake, na kazi yangu ikawa kulitazama likiumwa, siku baada ya siku, na kila apitaye akiniuliza nimwambie naam, ni letu, na ndivyo linavyotakiwa. Niliapa sitaligusa, na sikuligusa, lakini mikono ilibidi niifunge nyuma, isije ikalionea huruma.