Kioo kwenye Foleni ya Malaba

Mercyline Amoit wa Adungosi alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia kuwafuatilia ndege wa baharini, ilhali bahari yenyewe hajawahi kuiona. Kila alfajiri alifungua kompyuta akasoma alama ambazo setilaiti ilipokea kutoka kwa vifaa vidogo walivyovikwa shakwe mgongoni. Shakwe walipokuja bara kukaa ziwani, si mbali na kwake, alikwenda ufukweni upande wa Sio kuthibitisha kwa macho kwamba wako hai. Kule Mombasa, Daktari Vivian, mkuu wa mradi, alizisoma safari hizo ili ajue mahali ambapo samaki wadogo hupanda juu ya maji ya bahari, kwa kuwa shakwe hakai pasipo chakula.

"Amoit, hao kuku wako wa kompyuta utawachinja lini?" majirani walimuuliza sokoni, naye akacheka pamoja nao.

Shakwe waliovikwa vifaa walikuwa saba. Sita walipotea mmoja baada ya mwingine. Huyo wa saba, mwaka huu hakwenda kaskazini kutaga kama wenzake. Alikaa miezi mitano, kuanzia Juni hadi Oktoba, mbali na pwani ya Somalia, na hakuna aliyejua sababu. Jibu lilikuwa ndani ya kifaa chake. Betri ilikuwa imezeeka; ilipokosa jua la kutosha, kifaa kilituma mahali alipo ndege tu, na rekodi ndefu za miezi hiyo kikaziweka akiba hadi kipate jua.

Jumatatu moja ya Novemba, alama zake ziliondoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, zikaelekea bara. Amoit alimpigia Vivian simu kwa furaha.

"Daktari, anakuja nyumbani!"

Jumanne ndege alilala Mariakani. Jumatano akalala Salgaa. Alhamisi akasimama nusu saa kwenye mizani ya Webuye, na bado Amoit alishangilia. Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alama zilikuwa zimefika karibu na Malaba. Zilisogea mita thelathini, zikatulia dakika arobaini. Zikasogea mita ishirini, zikatulia saa nzima.

Amoit alikulia kando ya barabara hiyo. Alivisoma upya vituo vyote tangu Jumatatu. Ndege gani hulala Salgaa, kwenye maegesho ya malori? Hivyo ndivyo linavyokwenda lori kwenye foleni ya mpaka.

"Betri imebaki asilimia nne," Vivian alimwambia kwenye simu. "Ikizima leo, haitawaka tena. Na ndege mwingine hatuna, Amoit."

"Siku nne nimekuwa nikikupa pongezi, Daktari. Siku nne nzima."

Alikodi bodaboda hadi Malaba, akaifuata foleni kwa miguu, akiuliza lori baada ya lori.

"Boss, umebeba nini?"

"Nimebeba shida zangu, mama. Unanunua?"

Lori la chumvi alilikuta baada ya kilomita mbili. Dereva wake, Mutua, alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo alichokitundika mlangoni. Amoit alilizunguka lori, na juu, mahali turubai lilipopasuka kiasi cha vidole vitatu, akaona manyoya. Shakwe alikuwa amebanwa katikati ya magunia na turubai, amekufa na kukauka. Mgongoni, kivulini, kilikuwapo kile kifaa.

"Toa mkono hapo, mama!" Mutua alipiga kelele, povu likiwa shavuni. "Hiyo mzigo iko na kufuli ya forodha. Nikigusa hata kamba moja, Nairobi inalia. Unafikiri ni ndege yako tu inachungwa na setilaiti? Hata mimi!"

Afisa wa forodha alimsikiliza kwa upole, akamshauri aandike barua, angejibiwa Jumatatu. Lori lingevuka jioni hiyo.

Amoit alirudi kwenye lori. Kukitoa kifaa asingeweza. Kukipa jua, je?

"Boss, niazime hicho kioo."

Alipanda juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliokuwa kando ya lori, akalinasa jua kwenye kioo na kulielekeza ndani ya ule mpasuko. Vivian alimtumia nyakati ambazo setilaiti ingepita: saa tano na dakika kumi, saa saba kasoro robo, saa tisa. Kila mara ingekuwa juu yao dakika kumi tu. Lori liliposogea, Amoit alishuka, akauburuta mtungi, akapanda tena na kulitafuta jua upya.

"Mama, unataka kupika chumvi?" dereva mmoja aliuliza.

"Huyo ni mganga!" mwenzake akadakia. "Ameona jini kwa lori ya Mkamba!"

Mkono ulipochoka, aliushika kwa ule mwingine. Saa tano na robo simu ililia. "Imefika! Juni yote na wiki moja ya Julai!" Saa saba ikaja tena: "Hadi Agosti ishirini na tisa. Endelea, tafadhali. Septemba ndiyo tunayoitaka. Alikaa mahali pamoja siku kumi na tisa."

Saa nane na nusu mawingu yalianza kupanda upande wa Tororo, na mbele ya lori la Mutua foleni ikafunguka. Nyuma honi zikalia. Mutua alimtazama Amoit, akazima injini.

"Imekataa kuwaka!" aliwapigia kelele walio nyuma. "Nyinyi piteni, ama mnisukume!"

Saa tisa kasoro dakika nne jua lilifunikwa. Amoit aliendelea kukishikilia kioo, akakigeuza huku na huku, akiokota mwanga wa kijivu usiofika hata kwenye turubai. Mutua alileta tochi. Ikawaonyesha manyoya tu. Saa tisa ikapita. Tone la kwanza likaanguka juu ya kioo.

"Hakuna kitu," Vivian aliandika. "Imezima."

Askari alikuwa akigonga mlango wa lori kwa rungu. Mutua aliingia ndani bila kudai kioo chake, injini ikawaka mara moja, na lori likaelekea lango la mpaka.

Simu ililia tena mvua ikiwa imeshika kasi. "Amoit, upo? Sema kitu."

Aliifuta simu kwa kanga, akaandika neno moja: "Limevuka."