Manyoya na Mabua ya Namalwa

"Namalwa, mbona njia ya kwako imeanza kuota nyasi?"

Ayuma, jirani yake, alimwuliza hivyo akiwa upande wake wa ua, ungo wa mboga za mrenda mkononi, akicheka kicheko cha mtu asiye na nia mbaya.

"Nyasi ni chakula cha ng'ombe. Wacha ziote," Namalwa akajibu.

Akaingia ndani, akakaa kando ya mafiga, na swali lile likakaa naye. Ayuma alisema kweli. Kwa miaka ishirini na mitano njia ile ilikuwa ngumu kama sakafu, imekanyagwa na wanaume waliokuja mbio wakiita, "Mama, njoo upesi, maji yamevunjika!" Namalwa alikuja hapa kuolewa kutoka upande wa Bungoma, akafundishwa ukunga na mama mkwe wake, na tangu mama huyo afariki hakuna mtoto kwenye mteremko wote wa kijiji chao aliyetua duniani bila kupokelewa na mikono yake. Kanisani, akina mama walikuwa wakimwachia nafasi kwenye benchi la mbele.

Kisha, mwaka wa pili wa uhuru, Halmashauri ikamleta Jescah kwenye zahanati.

Jescah alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, amesomea ukunga katika hospitali ya Mukumu, ana viatu vyeupe na baiskeli. Alikuwa na mizani ya kupimia watoto, na akina mama walipenda mizani ile kuliko dawa. Walitoka pale wakiringa, "Wangu amepita wako!" Tena Jescah hakupokea kuku. Alisema mshahara wake unatoka kwa Serikali.

Neno hilo la kuku ndilo lililomkaa Namalwa rohoni. Desturi ya pale ilikuwa hivi: kitovu kikishaanguka na kupona, mtoto anaitwa jina, na siku hiyo baba yake anamletea mkunga kuku. Kuku yule alikuwa ni heshima. Sasa kumetokea mtu anayeikataa heshima, na watu wanamheshimu zaidi!

Namalwa alikuwa mtu wa sala, naye alijua kabisa kitu kilichomwingia kinaitwaje. Alikiombea kiondoke. Lakini akifumbua macho anaiona baiskeli imeegemea mti wa zahanati, na kijiba cha roho kinarudi mahali pake. Akisikia mtu anamsifu Jescah, chakula kilimgeuka mdomoni. Siku moja kisimani ulimi ukamteleza: "Msichana ambaye hajazaa ana haja gani na watoto wa watu? Macho yake yale mimi siyapendi." Maneno machache tu. Jioni ile wanawake wawili waliwafunika watoto wao nyuso walipopita zahanati, na Namalwa aliwaona, akaona aibu, na akaona raha.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Ismael.

Huyu alikuwa afisa wa afya kutoka ofisi ya mkoa pale mjini, kijana wa Mumias, mpole, kofia yake safi. Wizara ilitaka kujenga chumba cha kuzalia katika sehemu moja tu ya wilaya, ile ambayo watoto wachanga wanakufa zaidi, na mkunga wa Serikali angepelekwa huko. Kwa hiyo Ismael alipita nyumba hadi nyumba na makaratasi yake. Akamwuliza kila mama: una watoto wangapi? Umezika wangapi?

Maskini Ismael! Huko hakuna mama anayehesabu watoto wake kwa mdomo. Ni kuwaitia kifo. Ukiuliza wangapi, unajibiwa, "Wapo, Mungu amewaweka." Na mtoto aliyekufa kabla ya kuitwa jina hakuhesabiwa kuwa amekufa. Alizikwa nyuma ya nyumba na wanawake wawili, bila kilio, na habari yake ikaishia hapo. Mama akiulizwa umezika wangapi, anasema hakuna, na hakuwa anadanganya.

Ismael alizungukia akina mama zaidi ya mia mbili. Vifo alivyoviandika ni vitatu.

Habari haikukawia kutoka ofisini. Sehemu ile haina shida, watoto wake ni wazima. Chumba kitajengwa upande wa kaskazini mwa wilaya, na Jescah atahamishiwa huko baada ya mavuno. Ayuma ndiye aliyemletea Namalwa habari hizo.

"Anaenda kweli?"

"Na baiskeli yake," akasema Ayuma.

Namalwa aliimba siku hiyo akipepeta wimbi. Aliimba nyimbo za kanisani, lakini Mungu alijua zinaimbiwa nini.

Siku nne baadaye Ismael akapiga hodi mlangoni kwake.

"Salaam aleikum, mama. Mulembe?"

"Mulembe, mwanangu. Umepotea njia? Kwangu hakuna mtoto wa kuandika."

"Nimetumwa na Sista Jescah," akasema Ismael, na Namalwa akahisi kama amemwagiwa maji ya moto. "Amenisema sana kwa ile hesabu yangu. Anasema nimeuliza vibaya. Ameniambia, 'Nenda kwa Mama Namalwa, na usimwulize watoto. Mwulize kuku.'"

Kumbe yule msichana alikuwa na akili mpaka ya kujua kwamba huku watoto huhesabiwa kwa kuku! Namalwa alisimama, mikono kiunoni.

"Yeye amezalisha wangapi tangu aje?"

"Kitabu chake kinasema arobaini na mmoja."

"Arobaini na mmoja!" Namalwa akacheka. "Na viatu vyeupe vyote vile? Njoo ndani, Bwana Ismael. Inama, usigonge kichwa. Njoo nikuonyeshe kazi."

Juu ya kitanda chake, paa lilikuwa limeezekwa upya mwaka wa uhuru. Tangu hapo, kila kuku aliyeletwa, Namalwa alichomoa unyoya mmoja wa mkia na kuuchomeka kwenye nyasi za paa. Ilikuwa mistari na mistari ya manyoya, meusi, mekundu, ya madoadoa, yakitikisika kwa upepo wa mlangoni. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alipenda kulala akiyatazama.

"Hesabu," akasema. "Kuku wanahesabika. Halafu umpelekee huyo aliyekutuma."

Ismael akahesabu kwa kidole, polepole. "Hamsini na mawili. Mama, Mungu akuzidishie." Kisha kidole kikarudi mwanzoni. "Na haya mabua?"

Namalwa alitazama juu kama mtu aliyeonyeshwa tundu kwenye nguo yake mbele ya wageni. Katikati ya manyoya, hapa na pale, palikuwa na mabua makavu ya wimbi. Kwa kukimbilia kumshinda Jescah alisahau kwamba yale mabua nayo yanaonekana. Mtoto ambaye hakufikia jina hakuleta kuku, na mkono wa Namalwa haukukubali kuacha mahali pake patupu. Mikono ile ndiyo iliyowapokea, na ndiyo iliyowaosha mara ya mwisho.

"Mabua haya ni nini, mama?"

Akili yake ilikimbia haraka kuliko dhamiri yake. Akisema kweli, hesabu itageuka. Hesabu ikigeuka, Jescah anabaki.

"Ni kuku walioliwa na kicheche," akasema. "Kabla hawajanifikia."

"Kumi na saba?"

"Vicheche wa huku hawashibi."

Ismael akamtazama kidogo, akaandika. Alikuwa na adabu. Mama wa umri ule hawezi kuambiwa amesema uongo nyumbani kwake. Akashukuru, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili baada ya ibada Ayuma alikuja na binti yake Nanjala, amevaa kitambaa kipya, tumbo mbele.

"Haya, dada," Ayuma akasema, "jana nilipita zahanati, msichana anafunga vitu vyake. Huyu nilikuwa nimemwandikisha kule, lakini sasa amerudi kwako. Umeshinda!"

"Nimeshinda," Namalwa akasema.

"Mbona husemi kwa furaha? Wiki yote hii ulikuwa unaimba mpaka mbuzi wangu wakajua nyimbo!"

Nanjala akacheka, akakaa, akaunyoosha mguu uliovimba. "Kukhu," akamwambia Namalwa, kwa kuwa watoto wote wa Ayuma walimwita bibi, "mara hii atakaa, sivyo?"

Mabua mawili ya mstari wa tatu yalikuwa ya Nanjala. Wa kwanza alinyonya siku tano vizuri, siku ya sita taya likakaza, akawa hawezi kushika titi, mwili ukajikunja kama upinde. Wa pili vivyo hivyo. Watu walisema ni jicho baya, na Namalwa naye alisema, akalisema tena kisimani, akimtupia mtu ambaye watoto hao wa Nanjala walipokufa hakuwa hata amefika pale. Sasa alikuwa amepata alichokiomba. Tumbo lilikuwa mbele yake, limerudishwa kwake, na moyo ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mungu anajua," akajibu, na alijua kwamba hilo si jibu.

Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la kanisani na kutembea hadi mjini. Kutoka kwake ni mwendo wa saa mbili. Njiani alijisemea mengi. Kwamba Jescah atacheka. Kwamba benchi la mbele litakuwa la Jescah. Kwamba kama si huyo msichana, asingekuwa anatembea juani akienda kujishtaki. Alipofika kwenye ofisi alikuwa amekasirika kuliko alipoanza safari, na labda hasira hiyo ndiyo iliyomwingiza mlangoni.

Ismael alikuwa mezani, na kando yake daktari wa mkoa, mtu mnene mwenye miwani, akisoma.

"Futa kicheche," Namalwa akasema kabla ya kusalimia.

"Mama?"

"Kwenye karatasi yako. Futa kicheche. Wale ni watoto."

Daktari akaweka chini alichokuwa akisoma. Akamvutia kiti. Hakuuliza wangapi, aliuliza, kwa sauti ya kanisani, kila bua lilianguka siku ya ngapi. Na Namalwa alikumbuka. Siku ya sita. Ya saba. Ya sita. Ya nane. Mmoja siku ile ile, huyo alizaliwa hajakomaa. Waliobaki wote, kumi na sita, walikuwa wamekaza taya. Ismael aliandika.

"Kitovu unakatia nini, mama?"

"Ganda la muwa. Kisha napaka samadi, kikauke. Ndivyo nilivyofundishwa."

Daktari akavua miwani. "Inaitwa pepopunda. Inakaa kwenye udongo na kwenye samadi. Na ona, Ismael, inavyotuficha macho: inaua kabla kitovu hakijapona. Kitovu hakijapona, jina halijaitwa. Jina halijaitwa, sisi tukiuliza tunaambiwa hakuna aliyekufa." Akageuka kwa Namalwa. "Manyoya hamsini na mawili, mabua kumi na saba. Karibu mmoja katika kila wanne, mama. Wizara haiwezi kuiona kwenye karatasi zetu. Kwenye paa lako itaiona."

"Na yule msichana?" Namalwa akauliza. Alijua heri asiulize, lakini aliuliza. "Kwenye hao arobaini na mmoja wake?"

Daktari akamtazama Ismael. Ismael akatazama meza.

"Hakuna aliyekaza taya," akasema.

Hilo lilimwuma kuliko yote. Kama ungemwambia achague, kupigwa viboko barabarani au kulisikia neno lile, angechagua viboko. Alikaa akitazama mikono yake juu ya mapaja. Hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemlaumu, angepata wa kumjibu.

Kesho yake Ismael alikuja, akapanda juu ya kigoda, akachora paa lote kwenye karatasi, unyoya kwa unyoya, bua kwa bua. Akarudi kwa akina mama na maswali mapya. Safari hii hakuuliza watoto. Aliuliza, "Ni mara ngapi ulijifungua nyumbani na kuku hakupelekwa?" Na wale waliosema hawajazika mtu wakaanza kujibu, wengine wakilia, kilio ambacho hawakuwa wameruhusiwa kukilia siku yenyewe. Nanjala, ambaye Namalwa mwenyewe alimrudisha kwa Jescah, alijifungua zahanati kabla mzigo wa Jescah haujabebwa. Namalwa alikaa nje chini ya dirisha akisikia Jescah akisema, "Sukuma, mama, vizuri," na akawa anajiambia kimoyomoyo kwamba hata yeye angesema vivyo hivyo. Siku ya tisa mtoto akaitwa jina. Kuku hakuletwa kwa mtu.

Mvua za kwanza zilipoanza, daktari alikuja mwenyewe, akasimama kwenye uwanja wa zahanati mbele ya watu. Alisema Wizara imeisoma hesabu mpya na kubadili uamuzi wake. Chumba cha kuzalia kitajengwa hapa. Sista Jescah hahami. Zaidi ya hayo, wakunga wote wa wilaya watafundishwa kutumia wembe mpya na uzi uliochemshwa, bila samadi, na watapewa vifaa hivyo bure. Watu wakapiga makofi, na wengi walimtazama Jescah, na wengine wakamshika mkono. Namalwa alisimama pembeni akawaona wakimshika mkono.

"Uamuzi huu," daktari akaendelea, "umetoka kwa Mama Namalwa. Yeye atakuwa wa kwanza kufundishwa. Mama, sogea. Una ombi lolote la kuipelekea Wizara?"

Namalwa akasogea. Jescah alikuwa akimtabasamia, na tabasamu lake lilikuwa la kweli, jambo lililozidi kuudhi. Namalwa alikaza kitambaa chake cha kichwa.

"Nitajifunza," akasema. "Wembe nitautumia, na samadi nitaiacha, nasema mbele za Mungu. Lakini naomba kitu kimoja. Mwalimu wangu asiwe Jescah. Mniletee mwingine."