Habari Niliyoipeleka Usoke

Mkuu wa kituo cha zimamoto haishii kuamuru magari yatoke. Askari wako akifia kazini, wewe ndiye unayekwenda kwao kuwaambia.

Siku ile nilikwenda Usoke, kwa mama wa askari wangu mmoja. Alfajiri ghala la tumbaku lilikuwa limewaka huku Tabora mjini, na ukuta ukamwangukia kijana wake akiwa ameshika mpira wa maji. Nilimkuta mama shambani, anapalilia. Alipoona sare zangu alitabasamu, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, mwanangu. Mwenzio yuko wapi? Kabaki kwenye gari?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Alinitazama usoni, tabasamu likamtoka. "Niambie."

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliketi palepale kwenye tuta, akauliza, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Nilikuwepo. Tulimtoa sisi wenyewe."

"Aliniita?"

Nilitamani kumdanganya ili apate faraja, lakini nilimjibu kwamba tulipomfikia alikuwa ameshafariki. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Nami nikaketi chini kando yake, na sare zangu, nikalia.

Majirani walipofika wakiomboleza, niliinuka niwapishe. Mama akanishika mkono.

"Usiondoke," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Nikaenda naye nyumbani, nikabaki kwenye mkeka wa msiba pamoja na wanawake wa ukoo, mpaka tulipomzika kijana wake.